Mbio za Saa 60 na Funzo la Lango la Manjano

Ukurasa huu haukuwekwa kwa ajili ya habari za michezo. Michezo ina mahali pake katika gazeti, na wenye kuiandika wanaijua kazi yao kuliko sisi. Lakini yako mashindano mamoja ya mbio, mbali na hapa, ambayo tumeyafuata kwa muda mrefu. Kila tulipoyafikiri tuliona kwamba si habari ya miguu tu. Ni habari ya wachimba makaa ya mawe, ya wafungwa, ya mwuaji mmoja aliyetoroka, na ya mwanamke mmoja aliyeambiwa kwamba hawezi. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya wasomaji wetu, wanachama na wafanyakazi, tuyaeleze hapa leo.

Mashindano hayo huitwa Barkley Marathons. Hufanyika katika hifadhi ya msitu iitwayo Frozen Head, karibu na mji mdogo wa Wartburg, jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Milima ya huko si mirefu. Kilele kikubwa kina mita 1,013 tu, na mtu wa Lushoto au wa Uluguru akiambiwa habari zake aweza kucheka. Lakini ubaya wa mlima hauko katika urefu wake peke yake. Uko katika ukali wa miteremko, katika miiba, katika ukungu, na katika idadi ya mara ambazo mtu hulazimishwa kuupanda tena baada ya kuushuka.

Kabla hatujasema habari za wakimbiaji, yafaa tuseme kwanza habari za mahali penyewe, kwa maana ardhi hiyo ilikwisha kulowa jasho la watu miaka mingi kabla ya mchezo huu kuzaliwa.

Mnamo mwaka 1891, katika bonde la Coal Creek, mashariki ya Tennessee, wachimba makaa walikuwa na ugomvi na wenye migodi. Walitaka kulipwa kwa fedha halali, na walitaka wawe na mtu wao wa kusimamia mizani ili makaa waliyoyachimba yapimwe kwa haki. Kampuni ilikataa. Badala ya kupatana na wafanyakazi wake, ikaleta wafungwa waliokodishwa na serikali ya jimbo, waje kuchimba bila mshahara. Wengi wa wafungwa hao walikuwa watu weusi, waliotiwa gerezani mara nyingi kwa makosa madogo, na ambao uhuru wao ulikuwa haujatimiza miaka 30. Basi mwezi wa Julai mwaka huo wachimbaji walichukua bunduki, wakalizingira boma la wafungwa, wakawapakia wafungwa na walinzi wao pamoja katika gari la moshi, wakawarudisha mjini Knoxville. Vita vile viliendelea kwa vipindi hata mwaka 1892, na watu walikufa. Lakini mwisho wake ni kwamba jimbo la Tennessee liliacha kuwakodisha wafungwa kwa makampuni.

Tungependa kusema kwamba haki ilishinda hapo, ikawa basi. Haikuwa hivyo. Serikali ya jimbo ilijenga gereza lake yenyewe, Brushy Mountain, lililofunguliwa mwaka 1896 katikati ya milima hiyo hiyo, na wafungwa wakaendelea kuchimba makaa kwa miongo mingi, safari hii kwa faida ya serikali. Gereza lilizungukwa na milima pande tatu, na ilisemwa kwamba hapakuwa na haja ya ukuta mkubwa, kwa sababu msitu wenyewe ulikuwa ukuta.

Ndani ya gereza hilo alifungwa James Earl Ray. Huyu ndiye aliyekiri kumwua Dakta Martin Luther King, aliyepigwa risasi mjini Memphis tarehe 4 Aprili, 1968, alipokuwa amekwenda kuwatetea wafanyakazi wa kuzoa taka waliogoma. Jambo hilo wasomaji wetu wasilisahau. King hakufia katika jumba la wakubwa, bali katika mgomo wa watu waliobeba mapipa ya taka kwa mshahara mdogo. Ray alihukumiwa kifungo cha miaka 99. Tarehe 10 Juni, 1977, yeye na wenziwe walipanda ukuta kwa ngazi waliyoitengeneza, wakaingia msituni. Askari na mbwa walimtafuta. Alipatikana baada ya saa zaidi ya 54, amejificha chini ya majani, amechanwa na miiba. Katika muda huo wote hakuwa amefika mbali zaidi ya kilomita 13 hivi kutoka gerezani.

Bwana mmoja wa Tennessee, Gary Cantrell, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu, aliposikia habari hiyo alicheka. Akasema kwamba yeye katika muda kama huo angeweza kwenda maili 100. Neno hilo la dhihaka ndilo lililozaa mashindano. Mwaka 1986 Cantrell na rafiki yake Karl Henn waliyaanzisha, wakayapa jina la jirani yao, Barry Barkley. Hata leo njia ya mbio hupita katika handaki la maji lililo chini ya gereza lile lile. Gereza lenyewe lilifungwa mwaka 2009.

Sasa tueleze kanuni zake, maana katika kanuni ndimo mlimo na funzo.

Mbio ni mizunguko 5. Kila mzunguko husemwa ni maili 20, lakini wote waliopita huko hukubaliana kwamba ni zaidi. Mpanda wote wa mizunguko 5 hukadiriwa kuwa kama mita 18,000. Msomaji apige hesabu mwenyewe: ni kama mtu aanze ufukweni mwa bahari, apande hata kilele cha Kilimanjaro, ashuke tena hata baharini, na afanye hivyo mara 3. Muda uliowekwa ni saa 60, usiku na mchana. Kulala hakukatazwi, ila kila dakika ya usingizi hutolewa katika hizo 60.

Njia haikuwekwa alama. Mkimbiaji huonyeshwa ramani moja tu kambini, naye huinakili kwa mkono katika ramani yake. Hupewa maneno ya kumwelekeza, kisha huachiwa dira. Vyombo vya kuonyesha njia kwa nguvu za satelaiti, ambavyo leo kila dereva anavyo mfukoni mwake, ni marufuku. Hakuna wasaidizi njiani, wala vituo vya chakula. Mtu aweza kusaidiwa na watu wake kambini tu, baina ya mzunguko na mzunguko.

Je, itajulikanaje kwamba amepita kweli? Jambo hili lilitupendeza. Msituni hufichwa vitabu, kumi na zaidi, chini ya mawe na katika mashina ya miti. Mkimbiaji hupewa namba, na katika kila kitabu huchana ukurasa wenye namba yake. Akirudi kambini huziweka kurasa zake mikononi mwa Bwana Cantrell, naye huzihesabu moja moja. Ukipungua ukurasa mmoja, mzunguko haukufanyika. Haijalishi mtu amechoka namna gani, wala ni mtu mwenye jina gani. Kisha hupewa namba nyingine, akaanze tena.

Kiingilio ni dola 1 na senti 60. Mgeni huleta pia kibao cha namba ya gari kutoka kwao, navyo vibao hivyo hutundikwa kambini kama nguo juani. Hawazidi watu 40 hivi. Saa ya kuanza haitangazwi. Hupulizwa kombe kubwa la baharini, kama wafanyavyo wavuvi wa pwani yetu, na hapo kila mtu hujua kwamba imebaki saa moja, hata ikiwa ni usiku wa manane. Saa hiyo ikitimia, Cantrell huwasha sigara mbele ya lango la manjano, na hiyo ndiyo ishara ya kuondoka. Anayeshindwa akirudi, hupigiwa tarumbeta, wimbo ule ambao majeshi ya Marekani huwapigia askari wao maziko.

Wengi hupigiwa tarumbeta hiyo. Tangu 1986 ilipita karibu miaka 10 kabla ya mtu kumaliza mizunguko yote 5. Wa kwanza alikuwa Mwingereza, Mark Williams, mwaka 1995, kwa saa 59 na dakika 28. Baada yake yamekuwako makundi ya miaka ambamo hakumaliza mtu hata mmoja. Mzunguko wa kwanza huwatoa wengi kwa kupotea. Wa pili huwakuta usiku, wakati ukungu umeshuka na taa ya kichwani huonyesha weupe mtupu. Wafikao wa tatu kwa saa 40 husemwa wamefanya "mbio za kujifurahisha", na maneno hayo ni ya mzaha kabisa. Wafikao wa nne na wa tano hawana tena akili timamu ya kila siku. Husikia sauti, huona watu wasiokuwako, hukaa juu ya jiwe wakisahau walikuwa wakitafuta nini.

Mwaka 2017 Mkanada mmoja, Gary Robbins, alilifikia lango sekunde 6 baada ya saa 60 kutimia. Watu walilia. Lakini hata sekunde 6 hizo hazikuwa ndizo zilizomtoa. Katika ukungu wa mlima wa mwisho alikuwa amepotea, akateremka upande usio wake, akaja langoni kwa njia isiyokuwa ya mbio, ameacha maili 2 hivi. Kurasa alikuwa nazo zote. Njia ndiyo iliyokosekana. Naye mwenyewe hakudai kitu. Alikubali kwamba hakumaliza.

Sasa twafika kwa Bibi Jasmin Paris.

Bibi huyu ni Mwingereza, daktari wa wanyama katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mama wa watoto wawili. Watu wa mbio walimjua tangu Januari 2019, aliposhinda mashindano ya maili 268 ya Spine Race nchini Uingereza kwa saa 83 na dakika 12. Hakuwashinda wanawake tu, aliwashinda wanaume wote pia, akaishusha rekodi iliyokuwako kwa saa 12. Na katika vituo vya mapumziko, wakati wengine walipokuwa wakilala, yeye alikuwa akikamua maziwa ya mtoto wake mchanga.

Kwa miaka mingi Bwana Cantrell alikuwa amesema hadharani kwamba mwanamke hawezi kumaliza Barkley. Wako wasemao kwamba alisema hivyo ili awachokoze waje. Huenda. Lakini neno la mwenye mamlaka, hata likiwa la mzaha, huwa uzito juu ya mabega ya wale linaowahusu, na wao ndio huubeba, si yeye. Bibi Paris alikwenda mwaka 2022, akafanya mizunguko 3. Akarudi mwaka 2023, akaingia wa 4, akashindwa. Akarudi mara ya tatu mwaka 2024.

Sigara iliwashwa tarehe 20 Machi, saa 11.17 alfajiri. Maana yake ni kwamba mlango ungefungwa tarehe 22 Machi, saa 11.17 jioni. Sisi tulizifuata habari hizo kwa mbali, kwa maneno mafupi yaliyokuwa yakitumwa kutoka kambini, maana mashindano haya hayaonyeshwi popote na hakuna awezaye kumwona mkimbiaji akiwa msituni. Yalikuja maneno mawili matatu, kisha kimya cha saa nyingi. Tulisikia kwamba Ihor Verys amerudi, kisha John Kelly, aliyezaliwa na kukulia pembezoni mwa milima hiyo hiyo, kisha Jared Campbell, kisha Greig Hamilton. Wanaume 4 walikuwa wamemaliza. Haijapata kutokea mwaka wowote kabla yake. Mwanamke alikuwa bado msituni, na dakika zilikuwa zikiisha.

Alitokea barabarani akikimbia. Waliokuwako husema kwamba hawakuwa wamepata kumwona mtu akikimbia hivyo mwisho wa mzunguko wa 5, maana wengine huja wakijikokota. Aliligusa lango, akaanguka chini, hana pumzi hata ya kusema. Zikahesabiwa kurasa zake. Zilitimia. Muda wake ulikuwa saa 59, dakika 58 na sekunde 21. Zilikuwa zimebaki sekunde 99. Alikuwa mtu wa 20 kumaliza tangu mashindano yaanze, na mwanamke wa kwanza. Mwaka uliofuata, 2025, hakumaliza mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke.

Twajua kwamba hapa wasomaji wetu wengi watatuuliza swali, na swali hilo ni la haki. Watasema: huu ni mchezo wa walioshiba. Mpagazi wa Kilimanjaro hupanda mlima akiwa na mzigo wa mgeni kichwani, wala hapigiwi makofi. Mama wa kijijini huamka alfajiri kufuata maji mbali, na jioni hufuata kuni. Mkata mkonge amekata mafungu yake juani miaka nenda miaka rudi. Nani alipata kuhesabu hatua zao? Mtu aliyepanda ndege kwenda kutafuta taabu aliyoikosa nyumbani kwake, atufundishe nini sisi ambao taabu hutujia bila kuitwa?

Hatutaki kulikimbia swali hilo. Ni kweli kwamba taabu ya kuchagua si sawa na taabu ya kulazimishwa, na ni kosa kubwa kuzichanganya. Wafungwa wa Brushy Mountain waliochimba makaa hawakuwa wakicheza. Ni kweli pia kwamba kiingilio cha dola 1 na senti 60 ni kidogo, lakini nauli ya kufika Tennessee si ndogo, na siku za kujizoeza milimani hazipatikani kwa mtu anayeuza kazi yake ya mikono kutwa. Lango ni moja kwa wote, lakini barabara ya kulifikia si moja.

Hata hivyo twaona kwamba yako mambo matatu ambayo mfanyakazi aweza kuyachukua katika habari hii bila kuona haya.

La kwanza ni mizani ya haki. Wachimbaji wa Coal Creek walipigana ili makaa yao yapimwe na mtu wanayemwamini. Zaidi ya miaka 130 baadaye, katika milima ya upande ule ule, kurasa za daktari na za fundi huhesabiwa kwa mkono mmoja na kwa kanuni moja. Kanuni ikiwa ngumu lakini ni moja kwa wote, watu huweza kuivumilia. Kanuni ikiwa nyepesi kwa mmoja na nzito kwa mwingine, hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

La pili ni uaminifu pale ambapo hakuna msimamizi. Msituni hakuna nyapara. Mtu hukiona kitabu au hakioni, huchana ukurasa wake au hauchani. Tumewajua watu wafanyao kazi vizuri mbele ya mkubwa, kisha mkubwa akigeuka, chombo huwekwa chini. Na tumewajua viongozi wa matawi ambao katika mkutano hesabu zao hutimia kwa maneno matupu. Ingekuwa jambo jema kama kila mmoja wetu, jioni, angeulizwa si "Umechoka?" bali "Kurasa zako ziko wapi?" Maana kuchoka si kazi. Wengi huchoka na mzunguko haukufanyika.

La tatu ni habari ya kurudi. Bibi Paris hakushinda mwaka 2022 wala 2023. Mara zote mbili alirudi nyumbani, akawahudumia wanyama wake na watoto wake, akapanda vilima vya Scotland gizani kabla ya saa za kazi, akaja tena. Wahenga wetu walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na sisi katika nchi hii hatuhitaji kwenda ng'ambo kujifunza jambo hilo. Mwaka 1968, mwaka ule ule aliouawa King, mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, akaumia goti. Aliingia uwanjani wa mwisho, goti limefungwa bendeji, washindi wamekwisha kupewa medali zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma aende kuanza mbio, bali azimalize. Washindi wa siku ile wengi hawawajui. Yeye wanamjua.

Kuhusu neno la Bwana Cantrell juu ya wanawake, twasema hivi. Alipoziona kurasa zimetimia alikubali, na kanuni yake ilimlazimu akubali. Lakini si kila mwanamke ana lango la kuligusa mbele ya watu. Yako maofisi, viwanda na vyama vya ushirika ambamo hata leo husemwa "mwanamke haiwezi kazi hii", wala hakuna kitabu kilichofichwa, wala kurasa za kuonyesha. Huyo aliyesemwa hana njia ya kujibu, maana hakupewa namba. Wenye kusema hivyo katika matawi yetu wangefanya vizuri waache kwanza kusema, wampe mtu kazi, waweke muda, kisha wazihesabu kurasa.

Wala asidhani mtu kwamba twawashawishi wasomaji wetu waende kukesha misituni. Wengi wenu mnazo saa 60 zenu kila juma, na baada ya hizo zipo za nyumbani ambazo hazihesabiwi na mtu. Tulichotaka ni kuwakumbusha habari ya mahali ambapo wachimbaji walidai mizani, wafungwa walichimba bila malipo, mwuaji wa mtetezi wa wafanyakazi alishindwa kwenda mbali, na mama wa watoto wawili alitoka msituni zikiwa zimebaki sekunde 99. Habari zote hizo ni za ardhi moja. Yafaa zisimuliwe pamoja.